Fundi wa Kaptembwo aliyeipunguza meza yangu ya mvule

Nilipotoka nyumba ya vyumba vinne kule Kiamunyi kuja ghorofa ya tatu hapa Section 58, Nakuru, vitu vingi niliwagawia watoto na majirani bila kinyongo. Makochi yalikwenda, kabati likaenda, hata jiko la makaa, maana mwenye nyumba hataki makaa ndani. Meza ya mvule nilikataa kuitoa. Niliinunua Busia mwaka 1992, nikiwa mwalimu mpya, wiki chache kabla ya ule uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba. Ina futi saba kwa tatu na nusu. Wabebaji walijaribu kuipandisha mara mbili, ikakwama kwenye kona ya ngazi, wakaniachia chini. Ilinyeshewa manyunyu ya Julai usiku kucha, nami sikupata usingizi.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka nimuuzie. Wa pili alitoa msumeno kabla hata ya kutoa futi. Jirani akanielekeza Kaptembwo, kwa fundi mwenye kibanda cha mabati na vijana wawili wanaojifunza kazi.

Huyu alianza kwa kuipapasa. Aliigeuza juu chini, akagonga miguu kwa kifundo cha kidole, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii alama niipige msasa itoke?" Alikuwa ameweka kidole kwenye duara jeusi karibu na ncha moja. Nikamwambia habari yake. Mwishoni mwa Januari 2008, mji huu ulipowaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, majirani wa makabila matatu walilala sebuleni kwetu, na mtu akatua sufuria ya uji wa moto juu ya mbao bila kitambaa. Marehemu mume wangu hakukubali iondolewe, na mimi pia sikubali. Fundi hakusema neno. Alichukua penseli, akaifuta mistari aliyokuwa amechora pande zote mbili, akapima upya ili akate upande mmoja tu.

Meza sasa ina futi nne. Miguu ya upande uliokatwa ameihamisha kwa kuchonga ulimi na tundu, hakuna msumari hata mmoja. Nimeiinamia nikiwa na tochi ya simu kutafuta pengo kwenye viungo na sikuliona. Kipande kilichobaki amekifanya benchi la kukalia mlangoni, la kuvulia viatu.

Lililonikera ni siku. Aliniahidi Jumatano, nikachukua Jumamosi, na simu zangu za Alhamisi hazikupokelewa. Sababu yenyewe naikubali: baridi hii gundi haishiki upesi na vanishi hukaa inanata, akipaka koti la pili mapema linaharibu la kwanza. Ila angenipigia. Pia vanishi inang'aa kuliko nilivyoomba, na mguu mmoja wa benchi ulikuwa mfupi. Kwa hilo la mguu nilimtumia ujumbe jioni, na asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na randa mkononi, akatengeneza bila kuomba hata nauli.

Mbele ya kibanda kuna nusu pipa wanamochoma maranda, na wazee wa mtaa huja hapo kuota moto. Nilikaa nao saa mbili nzima. Hapo siasa ni ya vitu unavyoweza kuvishika. Fundi alieleza jinsi serikali ilivyopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, mashine za mbao za Elburgon na Molo zikanyamaza, naye akawa anatengeneza vitanda kwa mbao za makreti. Mzee mmoja alisema marufuku yale yaliokoa mito, na kwamba kuyaondoa mwaka 2023 lilikuwa kosa. Hawakukubaliana, lakini fundi alimsogezea mzee kiti karibu na moto. Kisha wakageukia tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara inayokatwa ili serikali ijenge nyumba za bei nafuu, na kijana mmoja wa kazi akauliza hizo nyumba zitakuwa na ngazi za upana gani. Wote walinitazama mimi. Swali lake ni zuri, na ningependa wanaochora ramani walisikie. Mtu anayehamia nyumba ndogo uzeeni haji mikono mitupu.

Nililipa shilingi 6,500 kwa meza na benchi, nusu mwanzo na nusu baada ya kukagua, na mkokoteni 400 mbali. Kazi nyingine nitampelekea yeye. Ukienda, pima kwanza ngazi zenu pale zinapokata kona, umpe kipimo hicho kabla hajashika msumeno. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, ukungu wa Menengai ukiwa bado haujainuka, maana hapo moto wa maranda huwa umeshika na fundi mwenyewe yupo.