Washauri wa misitu midogo waliokuja kwenye ngitili yetu: tathmini ya mteja

Kaya saba tunamiliki kilima kimoja chenye mawe wilayani Misungwi, upande unaotazama Ghuba ya Mwanza, na hakuna kati yetu mwenye zaidi ya ekari nne. Msitu uliopo juu yake, ambao ndio ngitili yetu, yaani eneo tunalolihifadhi, ni wa tangu enzi za mababu, kwa kuwa jembe halikuweza kupenya kwenye mawe yale, na kila kaya ilikuwa ikitunza kipande chake kwa namna iliyojua yenyewe. Mwaka jana tulichanga fedha tukawaita washauri kutoka Mwanza mjini, ambao kazi yao ni kuwasaidia wenye misitu midogo kuitunza kwa pamoja ili ndege na wanyama wasikimbie. Kwa kuwa jamaa wa Magu na Sengerema wamekuwa wakiniuliza kama fedha zile zilienda kwenye kazi, naona ni vyema nieleze kwa maandishi.

Jambo walilolifanya vizuri kuliko yote halikuhitaji utaalamu wa miti. Kabla ya kufungua daftari walitutaka wote saba tutembee kilima kizima kwa siku mbili, kila mmoja akipita katika eneo la mwenzake. Nimezaliwa pale, lakini kipande cha jirani yangu wa mashariki sikuwa nimekikanyaga hata siku moja. Huko tulikuta mkuyu uliokauka, ambao mwenyewe alikuwa ameshapatana bei na mchoma mkaa. Mshauri mmoja akatuomba tukae chini tunyamaze. Haikupita nusu saa, dume la hondohondo likatua, likaingiza panzi katika ufa mwembamba uliokuwa kwenye shimo la mti lililozibwa kwa udongo. Jike lilikuwa ndani, limejifungia lenyewe mpaka makinda yapate nguvu. Ilikuwa Novemba, mvua zimeanza. Mchoma mkaa alirudishiwa malipo yake ya awali jioni ileile, nasi wengine tukachangia, na tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mti mkavu uachwe umesimama.

Mpango wenyewe ulijengwa juu ya desturi yetu ya ngitili, yaani kufunga malisho mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi. Kasoro yetu ilikuwa kwamba kila kaya ilifungua kwa tarehe yake, hivyo ng'ombe walikuwa kilimani mfululizo na wanyama hawakuwa na mahali pa kutulia. Sasa tunafungua kwa zamu, na sehemu ya juu yenye majabali, wanakoishi pimbi na digidigi, haifunguliwi kabisa. Fito zinakatwa kipande kimoja kila mwaka na visiki vinaachwa vichipue, na njia ya kuzuia moto ni moja inayozunguka kilima chote. Walitukumbusha pia mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kuendelea hadi 2004, ambao mafanikio yake makubwa yalitokana na kuifunga ardhi ili visiki vya zamani vichipue, kuliko kupanda miche ya kigeni. Mmoja wao alitusimulia kwamba nchini Uingereza msitu huitwa wa kale ukithibitika kuwapo bila kukatika tangu mwaka 1600, na kwa Scotland tangu 1750. Wazee walicheka: ramani ya miaka hiyo wataitoa wapi, wakati ushahidi wao ni mkwaju ambao babu wa babu zao aliukuta umeshakuwa mkubwa?

Kasoro zilikuja baada ya wao kuondoka. Taarifa ilichukua miezi minne, na ilipofika ilikuwa ya Kiingereza kitupu, ikanilazimu kuitafsiri ukurasa kwa ukurasa mbele ya watu waliokaa mkekani wakisubiri kusikia walicholipia. Ramani ilihamisha mpaka wangu na wa jirani hadi ng'ambo ya korongo, na ugomvi uliotaka kuzuka ulizimwa na mwenyekiti wa kitongoji. Waliirekebisha bila kudai nyongeza, ingawa ni baada ya kuandikiwa barua. Kuhusu sheria walipita juu juu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya vijiji na ya watu binafsi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatoa nafasi ya hati ya hakimiliki ya kimila. Sisi tulitaka kujua njia ipi inazifaa kaya saba zenye msitu mmoja, tukajibiwa tukaulize halmashauri. Kwangu mimi hilo ni jibu la mtu aliyechoka.

Gharama ilikuwa shilingi elfu tisini kwa kila kaya, fedha ambayo haifikii bei ya magunia mawili ya mkaa mjini. Naona ilistahili, hasa kwa zile siku mbili za kutembea. Atakayewaita wapatane kwanza kwa maandishi kuhusu lugha ya taarifa na tarehe ya kuikabidhi. Sisi tumewaita tena kiangazi hiki kwa siku moja, na safari hii nusu ya malipo iko kwa mweka hazina mpaka tutakapoipitia ramani mpya kwa miguu, korongo kwa korongo, wao wakiwa mbele.