Kuangalia ndege Arusha kwa siku moja: Duluti kwanza, Momella baadae

Kama una siku moja tu Arusha na unapenda ndege, anza Ziwa Duluti, Hifadhi ya Taifa ya Arusha yenye maziwa ya Momella ifuate. Wengi wanafanya kinyume halafu wanarudi wanalalamika hawajaona kitu.

Duluti iko pale Tengeru, unapanda daladala za Usa River unashuka Tengeru unachukua boda, ni ziwa la kreta, msitu umelizunguka na kuna njia ya kwenda kwa mguu. Fika mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi, sio saa nne jua lishawaka. Sisi tulikaa kimya karibu na maji, mdiria yule mdogo wa mgongo wa bluu na mdomo mwekundu akatua kwenye tete hatua chache tu kutoka tulipo, akachupa majini akaibuka na kisamaki, akakigongagonga weee mpaka kikatulia ndo akakimeza, kichwa kwanza. Mnandi, wale ndege weusi wa majini, wamejipanga kwenye gogo wameanika mbawa, furukombe, tai mla samaki, analia huko juu. Kenge wapo pia, wakubwa kweli, usishtuke. Kijana aliyetutembeza anamjua ndege kwa sauti kabla hajaonekana, na darubini yake akatuazima, hela yangu ilienda kihalali kabisa.

Hifadhi ya Arusha nayo ni nzuri jamani, sitaki kusema uongo. Maziwa ya Momella yana magadi, ndo maana heroe (flamingo) wanapapenda, wanakula mwani wa humo na huohuo ndo unawapa ile pinki. Mbega, wale kima weusi kwa weupe, tuliwaona, tena wengi. Shida ikawa gari. Kampuni tuliyokodi (siitaji) ilituletea dereva ambaye kwake mnyama ni twiga na nyati basi, hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa, wanapiga makelele juu ya mti yeye anakanyaga mafuta, ukimwambia simama anakujibu "dada hao wapo kibao huko mbele". Huko mbele hatukuona hata mmoja!! Kwa hiyo ukikodi gari sema mapema kwamba umefuata ndege, au lipia kutembea kwa mguu na askari wa bunduki, hifadhi hii wanaruhusu na kwa ndege ndo mpango mzima.

Ukienda Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, barabara inajaa balaa, ila ukitoka ziwani na njaa yako machalari (ndizi za kupika na nyama) ya pale yanashibisha na bei ni ya kawaida tu.