Miezi minne nasoma kemia na AI ya kwenye simu: inafaa, ila usiiombe majibu

Kwanza mjue nani anaongea. Mi niko stesheneri huku Tandika, natoa kopi, naprinti, nalamineti vyeti vya watu. Fomu foo nilitoka na D ya kemia na F ya hesabu, sasa narudia kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani wa taifa wa NECTA Novemba. Mchana kazini, usiku ndo napiga msuli, na mwalimu wa tuisheni nampata Jumamosi tu, kwa hiyo katikati ya wiki mwalimu wangu ni hii AI ya kuchati, akili mnemba wanaiita, wengine wanasema akili unde. Jina la apu sitaji maana nimejaribu tatu na tabia zao ni za ndugu wa tumbo moja. Ninayotumia ni ya bure.

Kilichonikuna ni lugha. Mliosoma shule za kata mnanielewa, la saba unamaliza kwa Kiswahili, ukiingia fomu wani karibu kila somo limegeuka Kiingereza, basi unakariri definisheni kama kasuku na unaenda kuimwaga kwenye mtihani hujui umeandika nini. Mi moli sikuwahi kuielewa miaka minne yote. Siku ya kwanza nikaiandikia, nieleze moli kwa Kiswahili cha kawaida, mi nafanya kazi stesheneri. Ikaniambia dazani ya kalamu ni 12, rimu ya karatasi ni 500, moli nayo ni jina la idadi tu, ila idadi yenyewe ni 6.02 × 10²³ kwa sababu atomu ni ndogo mno, dazani haitoshi kuzihesabu. Jamani. Nimebeba marimu begani miaka mitatu hakuna mtu aliyeniambia nimebeba kemia.

Sasa hapo usishangilie sana maana kuna mtego. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa napiga picha swali la pasti pepa, naituma, inashusha hesabu yote hatua kwa hatua, naisoma naona "aah kumbe rahisi", naenda swali lingine. Usiku mmoja nikajisikia nimeiva. Jumamosi mwalimu akatupa swali, gramu 10 za NaOH (sodiamu haidroksaidi) kwenye mchanganyiko wa sentimita za ujazo 500, tafuta molariti, yaani kwenye ujazo fulani kuna moli ngapi, nikakaa naliangalia tu, kalamu mkononi. Na la aina hiyo nilikuwa nimeshalisoma mara tano!

Nikabadilisha staili. Sasa hivi kabla ya swali lolote naandika hivi: "Usinipe jibu. Niulize swali moja moja mpaka nifike mwenyewe, nikikosea niambie niangalie wapi, usinirekebishie." Lile lile la NaOH nikarudi nalo. Nikatafuta masi ya moli moja, Na 23 jumlisha O 16 jumlisha H 1 ni 40, nikagawa 10 kwa 40 nikapata 0.25, nikagawa kwa 500 nikaleta 0.0005 kifua mbele. Haikuniambia umekosa, ikaniuliza hiyo 500 iko kwenye kipimo gani, na molariti inataka ujazo wa kipimo gani? Nikakaa kama dakika tatu ndo nikashtuka, lita! 0.25 kwa 0.5 ni 0.5. Hilo swali hata uniamshe usingizini nitalifanya, kwa sababu kosa nililiona kwa macho yangu mwenyewe.

Na sio mimi tu. Kuna utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ulitoka 2024, walienda sekondari moja Uturuki na karibu wanafunzi elfu moja wa hesabu. Waliopewa AI ya kawaida inayotoa majibu, kwenye mazoezi walipanda asilimia 48, ila mtihani ulipokuja bila AI wakawa chini kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuigusa kabisa. Waliopewa ile iliyotengenezwa itoe vidokezo tu walipaa asilimia 127 kwenye mazoezi na ule mporomoko karibu wote ukayeyuka. Kitu kilekile, tofauti ni AI yenyewe ilivyoambiwa ifanye nini. Mi nilikuwa Mturuki wa kundi la kwanza wiki mbili nzima.

Halafu kwa kazi yangu naona mengi bana. Wanakuja hapa dirishani na asaimenti kwenye WhatsApp, "bro niprintie kurasa nne", nafungua juu kabisa imeandikwa "Hakika! Hii hapa insha yako", na vinyota viwili viwili vimezunguka kila kichwa cha habari. Hajasoma hata mstari wa kwanza! Zamani nilikuwa nawaambia, siku hizi naprinti tu, mia mia zangu. Mdogo wangu wa fomu tuu ndo yalimkuta, kapeleka insha ya Kiswahili safi kama ya profesa, mwalimu kamwambia tu haya simama tuelezee hilo neno "aghalabu" ulilotumia mara tatu. Kasimama hadi kengele. Sasa nimemwekea sheria, anaandika kwanza kwenye daftari, akimaliza ndo anaiuliza wapi pamelegea, na jina lake, shule na picha zake haweki humo.

Mabaya yake. Inadanganya, na inadanganya kwa kujiamini. Kwenye kemia na hesabu makosa ninaweza kuyakagua, lakini kwenye Kiswahili, lugha ambayo ungedhani kwake ni nyepesi, ndo inanichekesha. Nimeiomba mifano ya ngeli ya U-ZI ikanipa ukuta, ufunguo, ikachomeka na ugonjwa, sijui wingi wake "ngonjwa"? Nimeipa "alinipigia" ichambue mofimu ikasema mzizi ni "pigi", wakati mzizi ni pig na hiyo i ni ya kauli ya kutendea. Nikaiambia nipangie ratiba kuanzia saa mbili usiku, ikaniwekea kusoma usiku wa manane, saa nane hiyo! Ukiikosoa inaomba radhi vizuri sana halafu inaleta kosa jipya. Kuna mawakili Marekani, New York, 2023 walipeleka mahakamani kesi za mfano walizopewa na ChatGPT, kumbe hazikuwahi kuwepo, wakapigwa faini ya dola 5,000. Mawakili hao, sembuse mimi PC. Kwa hiyo definisheni zote nahakiki kwenye kitabu kabla sijaziingiza daftarini, inachosha lakini ndo hivyo.

Gharama: kuchati kwa maandishi hakuli bando, MB chache tu usiku mzima, picha ndo zinakula na ya bure ina kikomo, ukituma nyingi inakuambia rudi kesho. Ya kulipia niliyoiona ni kama dola 20 kwa mwezi, karibu shilingi elfu hamsini, hiyo mi naona bora nilipe tuisheni.

Nyota nne kwa kemia na hesabu, mbili kwa Kiswahili. Kitu kimoja bado sijakipatia dawa, ni saa tano usiku nimechoka swali la nne halitoki, na najua nikifuta yale maneno yangu ya "Usinipe jibu" inanipa jibu sekunde mbili. Jana nimeyafuta mara moja. Swali lenyewe nimelipigia mduara mwekundu, Jumamosi nalipeleka kwa mwalimu.