Seva ya nyumbani Kisumu: ipi ununue kwanza

Seva ya nyumbani ni kompyuta inayowaka muda wote, ikihifadhi picha na video zako ili simu na runinga zizifungue. Stima ikipotea jioni mvua ya radi inapoanza, seva yako itajiwasha yenyewe stima ikirudi, au itakungoja utoke kazini? Kwa mkaaji wa Kisumu swali hilo linatangulia kasi na ukubwa wa diski, na ndilo nililotumia kupanga orodha hii.

Namba moja ni kompyuta ndogo za mtumba zilizotoka maofisini: HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro na Lenovo ThinkCentre Tiny. Soma jina la prosesa kabla ya kuuliza bei. Kwenye i5-8500T, 8 ni kizazi, na T inaonyesha prosesa isiyokula stima sana. Usishuke chini ya kizazi cha 7, maana hapo ndipo chipu za Intel zilianza kumudu video za HEVC za biti 10 (aina ya video iliyobanwa sana) bila prosesa kuhema. Muuzaji akikuambia “i5 ni i5 tu, bosi,” mwachie yake.

Ukiwa dukani, hapo Oginga Odinga au kwingine, omba iwashwe. Inapoanza kuwaka, bonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo, ili ufungue mipangilio yake ya ndani (BIOS). Ikidai neno la siri, irudishe. Mwenyewe wa kwanza aliifunga, na kuifungua itakuwa shida yako. Ikifunguka, tafuta mpangilio wa kujiwasha stima inaporudi, uuwashe, hifadhi, kisha chomoa waya na uchomeke tena muuzaji akiona. Isipoamka, ondoka.

Ikitulia inakula kama wati 10, yaani yuniti 7 hivi za tokeni kwa mwezi. Kompyuta kubwa ya mezani ya wati 50 itamaliza 36. Hiyo siiweki kwenye orodha kabisa.

Ya pili ni laptopu kuukuu, hata iliyopasuka kioo. Betri yake inavuka stima ikikatika kidogo. Ila kagua kama sehemu ya kipanya imeinuka: hiyo ni betri iliyofura, na joto la huku haliisaidii.

Raspberry Pi 5, kompyuta ya ubao mmoja mdogo, ni ya tatu. Inatosha kuhifadhi picha, lakini haina kifaa cha kubana video, na ukishaongeza adapta ya ampea 5, kasha na diski, bei inakaribia ile ya kompyuta ndogo. Synology, kasha la kuhifadhia data linalouzwa likiwa seva tayari, ni nzuri, ila diski unanunua kando. Waachie wapiga picha za harusi.

Programu ya kutazama video zilizo kwenye seva? Jellyfin, ni ya bure. Plex, mshindani wake, inalipisha kutumia chipu kubadilisha video, na tangu Aprili 2025 inalipisha pia kutazama ukiwa nje ya nyumba.

Diski nunua mpya. Ukipata UPS (betri ya akiba ya stima ikikatika), chomeka na ruta pia, la sivyo seva itakuwa hai na simu yako haitaiona.