Spika mpya za Twin Reverb yangu: wati zilinidanganya, desibeli zikanikomesha

Ampu yangu, yaani kikuza sauti cha gitaa, ni Fender Twin Reverb, ile ya valvu (taa za kioo badala ya transista), wati 85, spika mbili za inchi 12. Niliinunua mtumba, ilishuka na kontena kutoka Uingereza, kwa hiyo umeme wake ni wa kwetu na sikuhitaji transfoma ya kupunguza. Uzito wake unakaribia kilo 29. Siku ya kwanza kuipandisha daladala, konda aliniambia, "Mzee, huyo abiria wako naye analipa." Nikalipa.

Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar. Sauti tunayoitafuta ni safi: sebene likichemka, kila uzi usikike peke yake. Twin inajulikana kwa sauti ya aina hiyo. Yangu haikuwa nayo. Kushoto ilitoa mlio mzuri tu, kulia ikanguruma kama redio iliyofunikwa blanketi. Nilidhani ndiyo uzee wa ampu. Miezi minne baadaye, katikati ya harusi, upande wa kulia ukaanza kukwaruza, kisha ukazima kabisa.

Kesho yake nikafungua kifuniko cha nyuma. Kushoto kulikuwa na spika ya gitaa, kuukuu, karatasi yake, ile inayotetema kutoa sauti, imeanza kuchanika pembeni. Kulia mwenye ampu wa zamani, au fundi wake, alifunga wufa, spika ya besi, ya muziki wa ukumbini, aina isiyo na jina la maana, yenye stika ya dhahabu iliyoandikwa wati 800. Wati 800, na imeunguzwa na ampu ya wati 85! Nilipoisukuma karatasi kwa vidole nikasikia koili yake ya waya inasugua ndani.

Fundi wangu wa Kariakoo alileta mita. Ile nzima ilisoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 6 na kitu, maana yake ni spika ya omu 8, kwani mita husoma pungufu kidogo ya namba iliyoandikwa. Kwenye boksi la karatasi la wufa, ambalo mtu aliliacha humo ndani likizuia mtetemo, iliandikwa omu 4. Spika mbili zikifungwa sambamba, yenye omu chache hunywa umeme mwingi zaidi. Hapo wufa ilikuwa inabeba theluthi mbili za nguvu yote, na mwenzake theluthi moja. Zikiwa zimeunganishwa hivyo, ampu ilikuwa inaona omu 2.7 wakati imetengenezwa kwa omu 4. Kama ingekuwa ampu ya transista, huenda transista ndizo zingetangulia kuungua. Hii ya valvu imevumilia, na namshukuru Mungu.

Fundi alinipa ushauri wa haraka: "Hapo mtaa wa pili zipo kama hii, mpya, tena wati 1000. Tunafunga leo leo." Nilikataa, na sababu yangu si ile stika pekee. Wufa ya ukumbini imeundwa ikijua kwamba juu yake kuna twita, spika ndogo ya kushika sauti nyembamba. Spika ya gitaa haina msaidizi. Inafanya kazi yote peke yake mpaka sauti za juu za kama kilohezi 5, halafu inashuka, na kule kushuka ndiko kunakofuta michirizi mikali ya nyuzi. Ndiyo maana karatasi ya spika ya gitaa ni nyepesi na inaitika upesi. Kuweka wufa kwenye ampu ya gitaa ni kama kumpa mpiga tumba ngoma ya mdundiko. Atapiga, lakini utasikia kitu kingine.

Kutafuta kulinichukua wiki tatu. Hesabu ya omu ilikuwa rahisi: spika mbili za omu 8, sambamba, zinatoa 4. Ya wati nayo haikunisumbua. Wati 85 zikigawanywa kwa mbili ni 42 na nusu kila moja, na Twin ikisukumwa sana hutoa zaidi ya hizo 85, kwa hiyo nilitaka spika ya wati 60 kwenda juu. Zile Greenback za wati 25 zinazosifiwa sana nilizivuka bila majuto.

Kazi ilikuwa kwenye sauti yenyewe. Rafiki yangu anayepiga roki ana boksi lenye spika ya kampuni ya Celestion, Vintage 30, wati 60. Akaniachia nusu saa nichomeke Twin yangu, taratibu, kwa sababu boksi lake ni omu 8 na ampu yangu inataka 4. Kwa muziki wake ile spika ni kisu: sauti za kati za juu zinajitokeza mbele na gitaa halizami hata ngoma zikipigwa kwa hasira. Lakini kwa Twin, ambayo trebo yake tayari inang'aa kama kioo, nilipopanda juu ya shingo ya gitaa masikio yalianza kuuma. Rafiki yangu anaipenda. Mimi hapana.

Nikabaki na mbili, zote za Celestion, zote za jamii wanayoiita Creamback: G12M-65 ya wati 65 na G12H-75 ya wati 75. Nilizilinganisha kwa video na kwa kusoma, na nikafanya kosa la mtu mwenye uchu. Nikaangalia namba ya mwisho, desibeli, yaani spika inapiga kelele kiasi gani kwa umeme uleule. G12M-65 ina desibeli 97, G12H-75 ina desibeli 100. Nikasema, mia moja, basi! Sikukaa chini kuifikiria ile tofauti ya tatu. Desibeli 3 zinaonekana kidogo kwenye karatasi, kumbe ni sawa na kuongeza maradufu wati za ampu. Yaani kwa uamuzi mmoja nilikuwa nageuza Twin ya wati 85 kuwa kama ampu ya wati 170, na Twin ya kawaida tayari ina kelele ya kumtosha mtu yeyote mwenye akili.

Shemeji yangu anaishi Uingereza, akakubali kuninunulia G12H-75 mbili. Akiwa dukani akanitumia ujumbe: "Shemeji, nane zimeisha, zimebaki za 16. Si ndiyo kubwa zaidi? Nichukue?" Nilipiga simu huku mkono unatetemeka. Mbili za 16 sambamba zingenipa 8, na ampu ingetoa nguvu pungufu bila mimi kujua kwa nini. Alingoja siku kumi, akapata za nane. Bei ya mbili ilizidi kodi yangu ya miezi miwili, na hapo sijahesabu chai ya shemeji.

Kuzifunga nilifanya mwenyewe: skrubu nane, vishikizo vinne vya waya, saa nzima na bisibisi. Nikawasha, nikapiga, besi hakuna. Sauti imekonda, inaelea hewani, haina tumbo. Nikaanza kumlaani shemeji kimoyomoyo. Nikajaribu kebo nyingine, nikajaribu gitaa jingine. Mpiga besi wetu, mtu asiyesema sana, ndiye aliyeuliza, "Waya hujageuza moja?" Nikazima, nikachomoa. Tukachukua betri ya redio ya volti 1.5, chanya kwenye chanya, hasi kwenye hasi: karatasi ya spika inaruka mbele. Spika zote mbili zilikuwa sahihi. Waya za kulia ndizo yule fundi wa zamani alizipaka rangi kinyume, na mimi niliamini rangi. Moja ilikuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta, na besi zote zinafia katikati. Tulipogeuza, chumba kikajaa. Jambo moja tu la kukumbuka kama ampu yako ni ya valvu: usiiwashe spika zikiwa zimechomolewa, hata kwa dakika ya kujaribu. Transfoma ya kutokea sauti ndiyo inayolipa.

Sasa ni mwezi wa saba tangu nizifunge. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kidogo, karatasi bado ina ukakamavu, halafu zikalegea na sauti za juu zikawa laini. Besi ni nene lakini haivimbi, nyuzi za chini zinaweza kuandamana na mpiga ridhimu bila kugombana naye. Kwenye uwanja wa wazi, sherehe za bustanini, au ukumbi mkubwa wenye watu mia tatu, hakuna kitu ningebadilisha. Nimeacha kuwekewa maiki kwenye shughuli kadhaa, na mtu wa mitambo hajalalamika.

Baa ndogo ni habari nyingine. Volyumu ya Twin yangu ikipita 2 na nusu, meza za mbele zinahama. Chini ya hapo kitufe ni kama swichi: kigusie kidogo, umeruka kutoka kunong'ona hadi kufoka. Mwenye baa moja alinifuata mapumzikoni na kuniambia kwa upole, "Kaka, wateja wanashindwa kuagiza." Nilicheka, ila alikuwa hatanii. Tangu siku hiyo nageuza ampu itazame ukuta, na mlio uliobaki ni nusu ya ule nilioulipia.

Kwa hiyo nimemwandikia shemeji tena. Safari hii G12M-65, omu 8, moja tu kwanza, nifunge pamoja na G12H-75 moja nione. Ile ya desibeli 100 itasikika zaidi ya mwenzake, najua, ila jumla itashuka kidogo na sauti za juu zitakuwa na joto zaidi. Nikiipenda nitaleta ya pili. G12H-75 itakayotoka tayari ina mwenyewe. Mpiga ridhimu ameshaniuliza bei mara tatu, na mara ya tatu alikuja na bisibisi.