Kozi ya vita vya Bama: nilikuwa nawapa nyota moja, sijui tena

Nimelipia kozi ya mtandaoni ya historia ya vita, vipindi sita, kuhusu Kundi la Majeshi la 11 la Waingereza, lile la Jenerali Giffard kule India na Bama (Myanmar ya leo) 1943 hadi 1944. Babu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa beji ya kifaru, ndo maana siku ya kipindi cha Bonde la Kabaw huko Bama nikamuita mama tukae wote nikaongeza sauti ya simu.

Mwalimu akaeleza jinsi Jeshi la 14 la Jenerali Slim, lililokuwa chini ya Giffard, lilivyowafukuza Wajapani baada ya mapigano ya Imphal kule India, mvua haikatiki, tope, malaria. Namsubiri ataje watu wetu, hataji. Nikaomba nafasi, mwalimu samahani, si divisheni yetu ndo ilishuka na hilo bonde mpaka mji wa Kalewa? Akajibu "hao walikuwa wapagazi, tusipoteze muda", akanizimia maiki. Mama akanyanyuka akaenda jikoni, hakusema neno.

Wapagazi! Kalewa ilichukuliwa mwanzoni mwa Desemba 1944 na nani kama si vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, tena wakavuka mto Chindwin wakashika ng'ambo ndo mainjinia wakapata pa kutandaza daraja lao. Na Februari mwaka huo huo meli ya Khedive Ismail imetoka Mombasa inaenda Colombo, nyambizi ya Wajapani ikaizamisha, karibu watu 1,300 wakafa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa huku kwetu. Na hata upagazi si tusi jamani, Kariakoo imepata jina kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza, nao walikufa kama nzi.

Kinachoniuma zaidi, Giffard mwenyewe ambaye kozi nzima inamhusu aliongoza askari wa Keya kwenye Vita vya Kwanza wakimkimbiza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu. Yaani huwezi kumfundisha huyo mtu ukawaruka Keya.

Ila niseme ukweli, kipindi cha kabla ya hapo, cha tatu, kilikuwa kitamu mno, sijawahi kusikia ugomvi wa makamanda ukielezwa vile. Jenerali Stilwell Mmarekani amegoma kabisa kuwa chini ya Giffard, anasema bora awe chini ya Slim ambaye ni mdogo wa Giffard kicheo, mpaka atakapofika Kamaing, mji wa kaskazini mwa Bama, na Mountbatten, mkuu wao wote, akakubali! Halafu Mountbatten na Giffard nao wakashindwana, mwisho wa 1944 akaletwa Jenerali Leese kutoka Italia badala ya Giffard na makao yakabadilishwa jina, na Leese naye mwaka uliofuata akaondolewa baada ya kutaka kumhamisha Slim. Huyu mwalimu anajua, aisee, na kwa hicho kipindi peke yake hela yangu ilirudi.

Basi kama anajua hayo yote, ya Kabaw alishindwaje kuyajua? Hapana, msilipie. Au lipieni kipindi cha tatu tu kama wanauza kimoja kimoja. Nimewaandikia mara mbili waombe radhi, hawajajibu. Kipindi cha sita bado, nitaingia, na safari hii mama kasema atauliza yeye.