Tairodi endi za 555 kwenye Toyota IST: nilizifunga mwenyewe nyumbani, Nkuhungu, Dodoma

Kwa miezi miwili usukani wa IST yangu ya mwaka 2005 ulikuwa ukicheza upana wa vidole viwili kabla magurudumu hayajaitika, na kila nilipoacha lami kuingia mtaani kwetu Nkuhungu nilisikia mgongano mdogo chini ya mguu wa kulia. Niliinua mbele kwa jeki, nikalishika tairi kushoto na kulia na kulitikisa, likacheza; nilipolishika juu na chini, likatulia. Mwanangu akaendelea kulitikisa huku mimi nimeweka kidole juu ya kiungo cha tairodi endi (ncha ya fimbo inayopeleka mwendo wa usukani kwenye gurudumu), na mchezo wake ukagonga kidole waziwazi. Raki endi, yaani viungo vya upande wa ndani wa fimbo hiyo, nilizishika kupitia raba zake zenye mikunjo na hazikuonyesha kasoro.

Tairodi zilizokuwa zimechoka hazikuwa za kiwandani. Nilizinunua kwenye duka moja la spea hapa mjini, jozi kwa shilingi 30,000, baada ya kijana wa kaunta kuniambia, "Kaka, hizi zote ni moja, tofauti ni boksi tu." Hazikumaliza hata miezi minane. Raba zake za kuzuia vumbi zilikuwa ngumu kama plastiki, na moja ikapasuka katikati ya kiangazi, wakati ambapo Dodoma hukaa miezi bila mvua na vumbi la mtaani huingia mpaka ndani ya kabati la nguo. Vumbi likichanganyika na grisi ndani ya kiungo hufanya kazi ya msasa, kwa hiyo chuma kizuri chenye raba mbovu nacho ni spea mbovu.

Safari hii nilichagua za chapa ya 555, zinazotengenezwa Japani, nikalipa shilingi 80,000 kwa jozi katika duka jingine. Kabla ya kutoa fedha niliomba kuzitoa kwenye boksi, kwa sababu jina hili huigwa sana na boksi peke yake si ushahidi. Nilisukuma pini ya kiungo kwa kidole gumba: ilikwenda kwa uzito uleule kila upande, bila kulegea na bila kukwama. Raba ilikuwa laini na imekaa vizuri shingoni, na ndani ya boksi kulikuwa na nati mpya na koti pini, kipini cha kuizuia nati isifunguke. Kiungo kipya kinachoning'inia chenyewe kama mguu wa kuku aliyechinjwa singekinunua hata kwa bei ya nusu.

Kazi yenyewe ilichukua asubuhi nzima ya Jumamosi, ingawa fundi aliyezoea angeimaliza kabla chai haijapoa. Nililegeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, nikaliinua na kulikalisha kwenye stendi mbili, kwa maana jeki ni ya kuinulia tu na haifai kuaminiwa na mtu aliyeingiza kichwa chini ya gari. Nilipuliza mafuta ya kutu kwenye nyuzi za tairodi, nikalegeza loki nati (nati inayoishikilia tairodi isizunguke) robo mzunguko, nikang'oa koti pini na kufungua nati ya kiungo. Pini hukaa kwenye tundu lililochongoka, hivyo kuifungua nati hakuiachilii. Watu wengi hapo huchukua nyundo, na nyundo huharibu nyuzi au raba. Mimi niliazima pula, kifaa cha kung'olea kiungo, kwa jirani, nikaikaza taratibu mpaka ikalia mlio mmoja mkali na kiungo kikaachia.

Wakati wa kuifungua tairodi kuukuu nilihesabu mizunguko, ikawa kumi na saba na nusu upande wa kulia, nami nikaingiza mpya kwa hesabu hiyohiyo. Ya 555 iliingia kwenye nyuzi kwa mkono bila kulazimishwa. Upande wa kushoto pini ilizunguka pamoja na nati, jambo lililonikera mpaka nilipoweka jeki chini ya kiungo na kukisukuma juu kidogo; tundu likaishika pini, nati ikakazika. Tundu la koti pini lisipokutana na mkato wa nati, nati huongezwa kukazwa hadi likutane, wala hairudishwi nyuma. Mwisho nilikaza nati za magurudumu kwa Nm 103, kipimo cha Toyota kwa gari hili.

Hesabu ya mizunguko ilinitosha kufika kwenye mashine ya alaimenti, ya kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, kwenye Barabara ya Iringa na si zaidi ya hapo, kwani spea mpya si lazima ilingane urefu na ya zamani. Mashine ilionyesha kwamba magurudumu ya mbele yametazama nje kidogo, na anayeruka hatua hiyo ili kuokoa fedha atazilipa kwenye matairi yatakayolika upande mmoja.

Nimetembea nazo miezi mitano sasa, nyingi zikiwa za vumbi, kwenda kazini Mtumba na kurudi. Usukani hauchezi, na nikiuachia kidogo kwenye lami gari linakwenda moja kwa moja. Wiki iliyopita nilizipangusa raba zote mbili kwa kitambaa na kuzibonyeza: bado laini, hazina ufa, na grisi haijavuja popote.